Mzee wa Taifa wa Chumba Namba 214

Nchi yenyewe msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilizinduliwa na Mtukufu Mlezi kabla wino haujakauka, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba ziwa kubwa limechorwa juu ya kilele cha mlima. Badala yake Idara ya Uvuvi ilihamishiwa huko kileleni, na kila mwisho wa mwezi huleta taarifa kwamba samaki wanaendelea vizuri.

Ni nchi yenye adabu sana. Hata kompyuta zake zina adabu, ingawa hazikuzaliwa nayo. Siku ya kuzindua Daftari la Raia, mfumo ulimowekwa jina, umri na ukoo wa kila mtu, utepe ulikatwa, bendi ikapiga, na Mtukufu Mlezi akaketi mbele ya skrini ili aandike neno lake la siri. Akaandika. Kompyuta ikajibu kwa herufi nyekundu: Umekosea. Ukumbi mzima ukameza mate. Akaandika tena, kwa kidole kilekile. Umekosea. Mara ya tatu mashine ikajitia kimbelembele zaidi: Umekosea mara tatu, tafadhali wasiliana na msimamizi. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. Siku hizi anapima kasi ya upepo ndani ya handaki.

Kesho yake ukatoka Waraka Namba Moja, wenye kifungu kimoja tu: mashine yoyote ya serikali ni marufuku kumwambia binadamu kwamba amekosea. Wataalamu walipita kila mfumo wakaling'oa neno hilo, wakapanda mahali pake neno moja zuri: Hongera. Tangu hapo ukiandika neno la siri lolote, hongera. Ukiandika jina la mbuzi wako mahali pa jina la mkeo, hongera, na mbuzi anaanza kupata barua. Wezi wa mitandao walikuja kutoka nchi za mbali, wakaingia bila kusumbuka, wakapongezwa, wakaondoka wamenuna kwa sababu hapakuwa na cha kuvunja. Serikali ikatangaza kwamba tangu Waraka utoke hakuna mfumo hata mmoja uliovunjwa. Na kweli, haukuvunjwa.

*

Katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke mmoja mwenye bahati mbaya, kwa sababu kazi aliyosomea ilikuwa kutafuta makosa. Aliitwa Leokadia Mapunda, mhadhiri wa somo la Upimaji na Usalama wa Programu katika Chuo Kikuu cha Taifa. Somo lilikuwepo kwa sababu vyuo vya nchi nyingine viliuliza kama lipo. Wakuu wa chuo wakamruhusu alifundishe kwa sharti kwamba asipime kitu chochote.

Leokadia hakuwa mkaidi. Alikuwa mtu wa kufuata ratiba, wa kufuta ubao kabla ya kuondoka, wa kuvaa sweta hata wakati wa joto kwa sababu aliwahi kusema ana mafua na hakutaka kuonekana mwongo. Lakini akisimama mbele ya darasa la mwaka wa tatu alisahau masharti.

"Programu iliyokubali kitu sahihi haijathibitisha lolote," alikuwa akisema. "Hata mlango ulio wazi unakubali mwenye nyumba. Swali ni je, unamkataa nani? Mnapopima, andikeni mambo matatu: nilichoingiza, nilichotarajia, kilichotokea. Cha pili na cha tatu vikigombana, mmepata kazi."

Wanafunzi waliandika, wakachora maua pembeni mwa daftari, wakasubiri mtihani ambao kwa mujibu wa Waraka wote wangepata mia.

Mmoja tu alikuwa anasikiliza. Farijala Ndunguru, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, alikaa safu ya mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wakaguna. Wanafunzi wa chuo walikuwa wameshaacha kuamkia, wanapita wakisema mambo vipi, lakini Farijala kila akiingia darasani alisimama karibu na meza, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Wenzake walimcheka. Leokadia alijibu, "Marahaba, Farijala," na siku yake ikawa imeanza vizuri. Hakumwambia mtu, lakini siku kijana huyo alipougua malaria alifundisha vibaya.

Adabu hiyo aliitoa kwa mama yake, mjane na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko. Mama Farijala akimaliza nguo alishika mshono kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu mbele ya mteja. Ukiachia, aliufumua palepale na kuanza upya. Farijala ndiye aliyelieleza darasa habari hiyo, na Leokadia alifurahi sana akaiandika ubaoni: vuta mshono.

Mgelijua, pale ndipo msiba ulipoanzia.

*

Wiki iliyofuata Leokadia alitoa zoezi la nyumbani. Kila mwanafunzi achague mfumo mmoja, auingizie kitu ambacho hautakiwi kukikubali, aandike kilichotokea. Alimaanisha mifumo ya kubuni, kama ya duka la kufikirika linalouza ndizi za kufikirika. Hakulisema wazi, kwa sababu alidhani kila mtu katika nchi ile anajua mambo yanayosemwa na yasiyosemwa.

Farijala alichagua Daftari la Raia. Kwa kuwa alikuwa kijana mstaarabu hakutaka kugusa jina la mtu mwingine, akafungua la kwake. Mahali pa neno la siri aliandika uji. Mahali pa umri akatafuta namba isiyowezekana kabisa, akainua macho, akaona namba ya mlango wa chumba chake hosteli. Karatasi aliyoileta darasani ilisomeka hivi:

Nilichoingiza: miaka 214.
Nilichotarajia: mfumo ukatae.
Kilichotokea: Hongera.

"Kumi juu ya kumi," alisema Leokadia, akaandika kwa kalamu nyekundu aliyokuwa anaificha ndani ya soksi. "Haya, sasa rudisha kama ilivyokuwa."

"Nimejaribu, mwalimu. Hakuna pa kurudishia. Ukifuta, maana yake cha mwanzo kilikuwa kosa."

Walitazamana. Leokadia aliisikia ile sweta ikimbana shingoni.

*

Msafara ulifika siku ya pili, saa tatu asubuhi, magari kumi na moja na pikipiki za ving'ora, ukazunguka bustani ya chuo mara mbili kwa sababu dereva wa mbele hakutaka kukiri kwamba amepotea njia. Gari la kati likafunguliwa, akashuka Katibu Mkuu wa Wizara ya Wazee na Kumbukumbu, Mheshimiwa Rajabu Lipembe, mtu wa miaka sitini na kitu, tumbo mbele, kofia mkononi. Akaingia darasani, akapita mbele ya Leokadia kama anapita mbele ya kabati, akaenda hadi safu ya mbele na kupiga goti.

"Shikamoo, babu!"

Farijala aliruka kutoka kwenye kiti. "Hapana, mzee, shikamoo wewe! Mimi ni mtoto!"

"Mnaona unyenyekevu huo?" Katibu Mkuu aliwageukia waandishi wa habari, machozi yakimlenga. "Mia mbili na kumi na minne! Na bado anahudhuria vipindi! Ndugu wananchi, mataifa mengine yana wazee wa miaka tisini, mia, wanajisifu nao. Sisi tumewapita kwa zaidi ya karne, na yote ni kwa uongozi wa Mtukufu Mlezi."

"Mheshimiwa," alisema Leokadia, "huyu ana miaka ishirini na miwili. Mtazame. Hata ndevu hana."

Katibu Mkuu alimtazama Farijala kwa makini, tena kwa upendo. "Afya ya wananchi imeimarika mno," alisema.

"Ni mazoezi tu, Mheshimiwa. Ni zoezi nililotoa mimi."

"Mazoezi ya viungo ni siri kubwa ya maisha marefu." Mwandishi mmoja aliandika hilo.

Walimbeba kwa kiti, kwa kuwa mtu wa umri huo hapaswi kutembea kwenye ngazi. Aligeuza shingo mlangoni akamtazama mwalimu wake, macho yakiuliza lile swali la siku zote, nimekosea wapi, na Leokadia alibaki ameshika kipande cha chaki mpaka kikavunjika. Mchana barua ilifika chuoni: kwa kuzingatia umri wake, Mzee wa Taifa ameondolewa kwenye orodha ya wanafunzi ili apumzike.

*

Mama Farijala alikuja ofisini akiwa na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Hakuketi.

"Mwalimu, nilikukabidhi mtoto."

"Najua, mama."

"Wamekuja kwangu kunipongeza. Wameniuliza nina miaka mingapi, nikawaambia arobaini na sita. Wakaandika. Nikawaambia, jamani, mama wa miaka arobaini na sita anamzaaje mtoto wa mia mbili? Mmoja akaniambia, mama, mambo ya uzazi ni mipango ya Mungu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwangu mimi mshono ukiachia nafumua. Nyinyi wasomi huko mnafumuaje?"

Leokadia alitaka kusema jambo la kitaalamu. Akasema ukweli. "Hatufumui, mama. Hatuna ruhusa."

"Basi omba ruhusa."

Kwa hiyo Leokadia akaenda kuomba. Idara ya Masahihisho ilikuwa ghorofa ya saba, ina meza, ina feni, ina karani mpole anayekunywa chai ya tangawizi, na haijawahi kusahihisha kitu tangu Waraka utoke.

"Nikusaidie nini, dada?"

"Kuna kosa kwenye Daftari la Raia."

Karani aliweka kikombe chini taratibu, akaangalia mlangoni. "Hilo neno hapa hatunalo. Ila tunazo fomu za pongezi. Jaza pongezi, ukiandika vizuri wataelewa wenyewe."

Leokadia alijaza. Aliandika kwamba analipongeza Daftari kwa ukarimu wake, kwani limemzawadia kijana wa miaka ishirini na miwili miaka mingine mia moja tisini na miwili ambayo hakuwa nayo, na kwamba pongezi zingekuwa kubwa zaidi kama lingekubali kuichukua tena. Karani alisoma, akasisimka, akasema hajawahi kuona pongezi iliyokwenda shule kiasi hicho. Baada ya siku nne jibu likaja: Mzee wa Taifa alivishwa nishani ya pili, na Leokadia akatumiwa kalenda yenye picha ya mzee huyo.

Mwezi mzima alizunguka. Kila ofisi ilimkaribisha, ikamsikiliza, ikampa pole kwa sauti ya chini na hongera kwa sauti ya juu. Redioni, Farijala alihojiwa kuhusu maisha ya zamani. Mwanzoni alijibu, "Sijui, sikuwepo," na mtangazaji akaeleza kwamba kumbukumbu za mzee zinachoka. Baadaye alianza kujibu. Alisema zamani watu walikuwa wanakosea sana. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na Leokadia hakujua kama alikuwa amefundishwa.

*

Ndipo Leokadia alipofanya lile ambalo mpaka leo hajajisamehe.

Alifunga mlango wa ofisi saa sita mchana, wengine wakiwa kwenye wali, akafungua Daftari la Raia. Neno la siri: sweta. Hongera. Jina: Farijala Ndunguru. Umri: 22. Hongera. Alikaa akiitazama skrini na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Mwalimu wa upimaji, baada ya miaka kumi na saba ya kufundisha, alisahau somo lake mwenyewe. Aliingiza, alitarajia, lakini hakusubiri kuona kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba Daftari halikuruhusiwa kusema la zamani ni kosa, na la sasa pia halikuruhusiwa kulikataa. Likayaweka yote mawili. Kufikia jioni nchi ilikuwa na Farijala Ndunguru wawili, kijiji kimoja, mama mmoja, chumba kimoja hosteli, mmoja wa miaka mia mbili na kumi na minne, mwingine wa ishirini na miwili.

Kesho yake Katibu Mkuu alimwita. Safari hii alimwona.

"Mwalimu, tumevamiwa. Kuna kijana, tena mhuni, ameiba jina la Mzee wa Taifa. Jina, kijiji, mpaka mama! Polisi walikwenda chumba namba mia mbili na kumi na nne wakakikuta kitupu. Unaona? Amekimbia. Mwenye hatia hukimbia."

"Mheshimiwa, huyo kijana..." Leokadia alisita.

"Unamfahamu?"

"Mkimpata, mtamfanya nini?"

"Atafungwa miaka yote aliyotaka kumpunguzia mzee wetu. Mia moja tisini na miwili. Sheria ni sheria." Alimsogezea sahani ya korosho. "Tumeshatoa amri. Mtu yeyote mwenye jina hilo atakayeonyesha dalili za ujana, akamatwe popote alipo. Chukua korosho, mwalimu. Na hongera kwa ile fomu yako ya pongezi, tumeitundika ukumbini."

Leokadia alichukua korosho moja. Aliishikilia kiganjani njia nzima mpaka nyumbani kwa Mama Farijala, na pale mlangoni akaeleza yote, hakuficha hata neno la siri aliloandika. Alitegemea kufukuzwa. Mama Farijala alikuwa anashona joho jeupe lenye nakshi za dhahabu, kwa sababu wizara ilikuwa imemwagiza ashone vazi la Mzee wa Taifa kwa ajili ya Siku ya Ukamilifu. Alisikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Kwa hiyo akiwa mzee yuko salama," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Na akiwa mwanangu anafungwa."

Cherehani iliendelea, kisha ikasimama kwa kuwa uzi ulikuwa umekatika, na mama yule akalitafuta tundu la sindano kwa muda mrefu sana bila kuliona.

*

Siku ya Ukamilifu ilifanyika mchana wa jua kali katika uwanja wa taifa. Hotuba zilikuwa kumi na nne, zote zikisema kwamba hakuna la kuongeza. Mtukufu Mlezi alikata utepe wa hotuba ya mwisho. Kisha watu wa heshima wakapangwa foleni kwenda kumwamkia Mzee wa Taifa, na Leokadia akawekwa miongoni mwao kama mwandishi wa pongezi bora ya mwaka. Nyuma yake alisimama fundi wa joho.

Farijala alikuwa ameketishwa kwenye kiti kikubwa, fimbo magotini, nywele zimepakwa unga wa ngano. Joho lilimkaa vizuri. Mawaziri walipita, majenerali walipita, maaskofu na masheikhe walipita, wote wanainama, shikamoo babu, naye anatikisa kichwa bila kufungua mdomo. Katibu Mkuu alisimama ubavuni mwake, na hatua mbili nyuma walisimama polisi wawili wenye amri mifukoni.

Zamu ya Leokadia ikafika.

Farijala aliinua macho. Uso ulifunguka wote chini ya zile nywele za unga, ukawa uso wa safu ya mbele. Akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitatu, na kwa sauti ya chini akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Lilikuwa neno la kujibiwa kwa neno moja. Leokadia alikuwa nalo mdomoni, limejaa, linataka kutoka. Angelitamka tu, kijana angekuwa kijana, mwanafunzi angekuwa mwanafunzi, na mtu mmoja katika nchi nzima angekuwa amepima kitu na kusema kilichotokea. Kisha wale wawili wangepiga hatua mbili mbele.

"Mzee amesema nini?" aliuliza Katibu Mkuu, akisogeza sikio.

Leokadia alipiga goti. Vumbi la uwanja likamwingia kwenye sketi.

"Hajasema kitu, Mheshimiwa," alisema. "Shikamoo, babu."

Farijala alimtazama. Alikuwa mwanafunzi mwepesi wa kuelewa, hakuwahi kuhitaji kuelezwa mara mbili. Ule uso wa safu ya mbele ukajifunga polepole.

"Marahaba, mwanangu."

Leokadia akasimama, akasogea kando, maana foleni ilikuwa ndefu. Hakutaka kugeuka lakini aligeuka. Mama Farijala alikuwa amefika mbele ya kiti. Alishika bega la joho kwa mikono miwili, pale mshono wa mkono unapokutana na kifua, akauvuta kwa nguvu zake zote mbele ya taifa zima. Haukuachia. Akaulainisha kwa kiganja, akapiga goti.

"Shikamoo, baba," alimwambia mwanawe.

Uwanja mzima ulilipuka kwa makofi. Leokadia naye alipiga, mpaka viganja vikamuuma, na aliendelea kupiga hata wengine walipoacha.